Miaka 3 ya kaka, miaka 3 ya mdogo: nani anaingia universite toka Kasongo na Kabambare?

Ndugu vijana wa Kasongo, wa Kabambare, wa Salamabila, na ninyi wenye mko Kindu, Bukavu, Lubumbashi ao Kinshasa na munasoma hii ku telefone,

Munajua vile inakuwaka matokeo ya Exetat ikitoka. Mtu anatuma kode yake kwa SMS, anangojea, réseau inapotea, inarudia. Kisha asilimia inaonekana, na poda inaanza kumwagika ku vichwa. Mama wanaimba, moto zinapiga klaksoni. Siku mbili hivi. Poda ikiisha kuoshwa, mtoto anabaki na swali yenye watu wachache mu parselle wanaweza kumujibia: sasa naenda wapi, na kwa njia gani?

Juu ya swali hiyo njo tunaandika leo.

Tuseme msimamo wetu mbele. Hapa kusini ya Maniema, kuingia universite hakuamuliwi na asilimia. Kunaamuliwa na barabara, na makuta ya karatasi, na kujuana na mtu mwenye yuko mujini. Na mwenye anaumia zaidi si huyu finalisti wa mwaka huu peke yake. Kuko pia mwingine mwenye hakuna mtu anamumwagia poda: gradué. Yule alisoma miaka 3 mu taasisi ya juu, ISP ao ISTM ao ISDR, akafanya TFC yake, akaitetea, akapata graduat, na leo anataka kuendelea ku universite. Huyo anafika ku mlango na anaambiwa nyumba ilijengwa upya.

Tuanze na barabara, juu bila barabara dosie haifiki.

Toka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200, na kuko Lualaba ya kuvuka. Toka Kabambare, unaongeza kwanza njia ya kufika Kasongo. Wakati wa mvua, moto inaweza kulala njiani, na mwenye kuilipa njo wewe. Treni ya SNCC inapita upande wa Samba kwenda Kindu, lakini hakuna mzazi mwenye anaweza kupanga tarehe ya inscription juu ya treni hiyo. Sasa hesabu mwenyewe: mtoto anaenda kutosha dosie, anarudi. Anaenda kufanya test, anarudi. Anaenda kuangalia jina lake ku valve, na kama jina iko, anapashwa kulipa mbele ya siku fulani, na makuta iko bado kwa baba yake mu shamba ya mihogo. Safari zinakula minerval mbele minerval haijalipwa.

Njo maana watu wanatumia commissionnaire. Unamupa mtu wa mujini bahasha, na kitu kidogo ya mafuta, na yeye "anakujuana" na mtu wa apparitorat. Wengine wanafanya kazi hiyo kwa roho nzuri, hatukatae. Lakini bahasha zingine hazikufika hata siku moja. Tunaomba jambo moja ya haraka: usimupe mtu karatasi ya asili. Toa kopi, ipige sahihi ya uhakikisho, ya asili ibaki mu sanduku ya mama. Attestation de réussite ikipotea, kuipata tena ni safari ingine, na diploma yenyewe munajua vile inachelewaka kutoka Kinshasa, watu wanaweza kumaliza masomo ya juu bila kuishika mu mkono.

Na ukitaka kujua kwa nini tuko mbali hivi, angalia vile universite zilizaliwa mu inchi hii. Lovanium ilifunguliwa 1954 ku Léopoldville. Kisha 1956 ikawa zamu ya Élisabethville, kule kwenye shaba. 1963 ikafuata Stanleyville. Mu 1971 Mobutu alizichanganya zote tatu kuwa UNAZA, na mu 1981 zikatengana tena, njo tukapata UNIKIN, UNILU na UNIKIS. Kwa miaka hiyo yote, mtoto wa Kabambare mwenye alitaka kusoma alipashwa kuwa kwanza msafiri. Maajabu yake ni kwamba Kasongo haikukuwaka fasi ya kusahauliwa. Mbele ya wazungu ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip, misafara ilitoka hapa mpaka pwani ya Bahari ya Hindi kwa miguu. Njia ya kutosha pembe na watumwa ilipatikana. Ya kutosha dosie ya mtoto, bado.

Leo kuko Universite ya Kindu, na hapa kwetu kuko Universite ya Kasongo. Ni jambo kubwa, tusilidharau. Wazazi wengi wasingeweza kusomesha mtoto kama hakuna UNIKAS karibu. Lakini karibu na Kasongo mujini si karibu na Salamabila. Na mtoto mwenye anatafuta fakilite yenye haiko hapa, bado anafunga kabeba, anaenda Kindu, Kisangani, ao anashuka upande wa Kalemie na Lubumbashi, ao anapanda Bukavu.

Sasa dosie yenyewe. Kwa kawaida wanaomba attestation de réussite ao diploma d'État, bulletin za 5e na 6e, attestation ya kuzaliwa, attestation de bonne vie et mœurs, attestation d'aptitude physique, mapicha passeport, na barua ya maombi kwa rekta ao kwa mkubwa wa taasisi. Ukiisoma vile ni karatasi saba tu. Lakini kila karatasi iko na bureau yake, na kila bureau iko na mtu wake, na mtu huyo iko na njaa yake. Ile ya bonne vie et mœurs inasema eti wewe ni mtu mwema. Kuko bureau kwenye wema inaongezeka kufuatana na franga. Ile ya aptitude physique, kuko fasi munganga anakuangalia uso, anapiga muhuri, unatoka na afya kamili. Tunacheka, lakini mzazi mwenye aliuza mbuzi juu ya muhuri huo hachekake.

Na hapa hatuombe huruma. Taxe yoyote ya Serikali inapashwa kuwa na bei yenye kuandikwa na reçu yenye kutolewa. Bureau ikikosa kuonyesha bei, si taxe. Simama, uliza kwa heshima: "Baba, bei iko imeandikwa wapi?" Ukienda peke yako watakufukuza. Mukienda kumi, watatafuta karatasi.

Turudi kwa gradué, juu hapa njo kidonda iko.

Mu sistemi ya zamani, mtu alisoma miaka 3 anapata graduat. Akitaka, anaongeza miaka 2 anapata licence. Jumla miaka 5. Kisha kukakuja LMD. Loi-cadre ya masomo ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 ilikuwa imekwisha kuitaja, lakini kuianza kweli ni mwaka wa masomo 2021-2022, wakati Muhindo Nzangi alikuwa waziri wa ESU. Mu LMD, licence ni miaka 3, kredit 180. Master ni miaka 2, kredit 120. Kisha doctorat. Wanafunzi wapya waliingia moja kwa moja mu LMD, na madarasa ya zamani ikaendelea kuisha pole pole, mwaka kwa mwaka.

Fungua macho hapa. Kaka alisoma miaka 3, mu taasisi, akaitwa gradué. Mdogo wake anasoma miaka 3, pengine mu taasisi ile ile, mbele ya walimu wale wale, pengine na kozi zenye kubadilisha jina tu, naye anaitwa licencié. Siku tangazo ya kazi inapita na inasema "kuwa na licence", mdogo anatosha dosie, kaka anabaki nyumbani. Si kwamba alisoma kidogo. Alizaliwa tu mbele.

Hatuko tunapigana na LMD. Inchi za jirani ziliingia humo, na mtu mwenye anataka kuhamia universite ya inchi ingine anahitaji kredit zenye kusomeka. Kugeuza sistemi si ubaya. Ubaya ni kugeuza nyumba na kuacha watu wa ndani mu mvua. Gradué wa Kasongo akienda universite leo, anaweza kukutana na majibu matatu kwa siku moja. Bureau ya kwanza inamwambia aingie mwaka wa mwisho wa licence mpya. Ya pili inamwambia aanze mwaka wa pili. Ya tatu inasema afanye kwanza prélicence. Tofauti ya majibu hayo ni mwaka mmoja ao miwili ya maisha, na minerval ya mwaka mmoja ao miwili. Jambo kama hilo haipashwe kutegemea uso wa mtu mwenye umekuta ku dirisha.

Angalia mwalimu. Sisi wote tulifundishwa na ma-gradué wa ISP. Mwalimu wa G3 mu secondaire ya Kabambare, mwenye anafundisha hisabati, anataka licence. Akiacha darasa miaka miwili kwenda Kindu, fasi yake inapata mtu mwingine, mshahara inakatika. Na kama ni "nouvelle unité", mshahara yenyewe hakuwahi kuiona. Anaishi na shamba, na kile wazazi wanaweza kuchanga. Tunamuomba mtu huyo alipe safari, alipe dosie, alipe prélicence, na mbele ya yote apate relevé zake za miaka mitatu. Kuko fasi zinakataa kutoa relevé mpaka deni ya mwisho ilipwe, hata deni ya karatasi. Bila relevé, hakuna universite inaweza kuhesabu kozi zake. Mtu anabaki mfungwa wa pointi zake mwenyewe.

Kwa hiyo, wewe gradué mwenye unasoma hii, anza na relevé. Si na barua ya rekta. Omba relevé za miaka yote mitatu, zenye kuonyesha kozi, masaa na pointi, na muhuri. Wenye kuhesabu upya wanageuza masaa kuwa kredit, na kama masaa haiko, wanakisia, na wakikisia wewe njo unapoteza. Kisha uliza kwa maandishi, mbele ya kulipa kitu: ninaingia mwaka gani, na ni kozi gani nitarudilia? Jibu ya mdomo usiilipie.

Na uliza tena swali ingine, yenye watu wanaona haya kuuliza: arrêté ya taasisi yenu iko wapi? Si kila ubao wenye kuandikwa "université" ni universite. Wizara ya ESU imekuwa ikitangaza taasisi zenye haziko viable, na ikafunga zingine, wanafunzi wakiwa ndani. Diploma yenye haitapita ku entérinement, Kinshasa, ni kalendari ya ukuta. Mzazi mwenye aliuza parselle hatarudishiwa.

Kwa ma-finaliste, neno moja juu ya fakilite. Usifuate rafiki. Mwenye alimaliza pédagogie na hajaona chimie ya kweli, akikimbilia médecine juu ya koti nyeupe, mara nyingi mwaka wa kwanza inamuonyesha. Hatusemi asijaribu. Tunasema achukue miezi hii atafute manuel ya chimie kwa mwenye alimaliza bio-chimie, ajipime. Kujipima hakulipishwe.

Ma-dada pia. Mu familia nyingi, makuta ikitosha mtoto mmoja, kijana anaenda, dada anangojea, na kungojea kunageuka kuwa ndoa. Hata mwenye alipata asilimia kupita kaka yake. Na akifika mujini, kuko ile kitu wanafunzi wanaita kwa kicheko "points sexuellement transmissibles". Sisi hatucheki nayo. Mtu mwenye anaomba mwili juu ya inscription, juu ya pointi ao juu ya kitanda ku home, anafanya kosa ya sheria. Dada, hata kama unaogopa kushitaki leo, chunga message, chunga saa, ambia mtu mmoja.

Sasa makuta itatoka wapi? Constitution ya 2006, mu kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure, na tangu mwezi wa 9 wa 2019 Serikali ilianza kuitumia. Masomo ya juu haimo. Wazee wenye walisoma mu UNAZA wanatuelezaka bourse, na tunasikia kama hadithi ya sungura. Leo kuko programu ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru, lakini hiyo inachukua wenye wamepita juu kabisa mu inchi yote. Mtoto wa Kabambare mwenye 63% mu shule yenye haina laboratoire, mwenye alirudilia kozi na taa ya telefone, hamo.

Lakini Kabambare haiko maskini. Chini ya Namoya kuko zahabu. Banro ilikuwa inaitosha kwa kiwanda, vita na mivutano ya Salamabila vikafika, mu 2019 kazi ikasimama. Vijana wengi wa rika letu waliacha kalamu, wakashika pelle mu mashimo. Hatuwahukumu. Code minier yenye kugeuzwa mu 2018 inasema kwamba mu redevance minière, 15% inaenda kwa ETD yenye mgodi iko ndani yake, 25% kwa jimbo, na 10% kwa mfuko wa vizazi vyenye vinakuja. Tena kampuni inapashwa kuweka 0,3% ya chiffre d'affaires kwa maendeleo ya jamii. Vizazi vyenye vinakuja ni nani, kama si hawa wenye wako na attestation mu mkono? Kwa hiyo tunawauliza wakubwa wa secteur, Assemblée provinciale ya Kindu na wabunge wetu: franga zenye zilifika toka Namoya, tuonyeshwe hesabu zake. Na sehemu ya bourse kwa watoto wa Kasongo na Kabambare iandikwe mu cahier des charges ya kampuni.

Kwa comité de gestion za universite na taasisi zetu tunaomba vitu vidogo, vyenye havihitaji Kinshasa. Waweke ku valve, na ku telefone pia, bei yote ya inscription na minerval, na taux ya dola yenye watatumia. Waandike wazi gradué wa zamani anaingia mwaka gani, kwa kila fakilite. Na watume watu wawili na muhuri mmoja kwa wiki mbili Kabambare na Salamabila kupokea dosie na kupitisha test. CENI inajuaka kufikisha mashini mpaka mu vijiji wakati wa uchaguzi. Barabara hiyo ya siku ya kura inapotelea wapi wakati wa inscription?

Tunajua kuko mtu anasoma na anacheka: "Ninyi ma-licencié munakaa ku barza bila kazi, sasa munaita wengine wakuje kukaa nanyi?" Ni swali ya haki. Mwandishi wa hii iko na licence ya zamani, ya miaka 5, na kazi hana. Dosie zake zimetembea kupita yeye mwenyewe. Kwa hiyo hatutamwambia mtu kwamba universite ni mshahara. Mzazi mwenye iko na shamba moja tu, asiliuze juu ya fakilite yoyote yenye mtoto amechagua kwa kubahatisha. Tunakataa uongo huo, hata kama unapendeza.

Lakini tunakataa pia uongo ule mwingine, wa kusema masomo haina maana. Wakati cahier des charges inaletwa mu kijiji kwa Kifaransa cha mawakili, nani anaisoma mbele chefu hajapiga sahihi? Wakati centre de santé iko na infirmier mmoja, mwingine atatoka wapi? Wenye wanasema masomo haina maana, angalia watoto wao wanasoma wapi. Wengi hawako Kabambare.

Tunaanza kukusanya ushahidi. Kama ulilipishwa bila reçu, kama dosie yako ilipotea kwa commissionnaire, kama wewe ni gradué na ulipewa majibu mawili tofauti, tuandikie: siku, bureau, hesabu, na kopi kama iko. Jina yako hatutaitoa. Liste tutaipeleka kwa Administrateur wa Territoire wa Kasongo, kwa yule wa Kabambare, na kwa comité de gestion zenye zinahusika, na accusé de réception. Majibu yao tutayaweka hapa. Wakinyamaza, tutaweka tarehe yenye tuliwaandikia, na tutaendelea kuhesabu siku.